Herufi Iliyokosekana Kwenye Fulana

Saa moja asubuhi, vyerehani bado vimelala na mpiga chapa yuko peke yake karakanani. Anatandika fulana nyeupe mezani, anashusha fremu, anavuta wino wa waridi kwa kipande cha mpira, anainua. KUPIMA NI KUPONA. Anatandika nyingine.

Kwa siku hupiga mia nne. Kampuni inayozitoa ni ya mavazi ya michezo, na huziuza kwa bei ya mikate miwili ili kila mtu azimudu. Sehemu ya mauzo hulipia vipimo vya saratani ya matiti kwa wanawake wasio na uwezo. Wenzake humwita Babu Wino. Wanasema hata akipenga kamasi, leso hutoka na nembo.

Hucheka nao, kisha jioni hurudi kwenye vyumba viwili ambako hakuna wa kumuuliza ameshindaje. Upweke huo haujazoeleka, na hajifanyi kwamba umezoeleka. Mkewe alifariki miaka miwili iliyopita kwa saratani hiyohiyo. Aliuficha uvimbe kwa miezi, akawa anabadilisha nguo amempa mgongo.

"Nilidhani ni haya ya utu uzima," anasema.

Siku ya mazishi, binti yao wa pekee alimuuliza mbele ya watu: "Baba, mlikuwa mnalala kitanda kimoja. Hukuona?"

Binti alirudi mji anakoishi, na tangu hapo hakupokea simu za baba yake. Kinachomtesa mzee si kununiwa tu. Bibi mzaa mama wa binti naye aliondoka kwa ugonjwa huo, na daktari alisema wazi kwamba binti lazima apimwe. Alikataa katakata. Habari zake baba alizipata kwa shemeji yake, ndugu wa marehemu mkewe, kama habari za jirani aliyehama.

Mwezi uliopita, tone la wino lilikauka kwenye fremu na kuziba herufi moja. Fulana sitini zikatoka zimeandikwa KUPIMA NI KU ONA. Kwa kuwa maneno bado yalileta maana, hakuna aliyeshtuka mpaka mkaguzi alipolitilia shaka lile pengo. Msimamizi alimtania kwamba hajakosea, ametunga methali. Karakana nzima ikaangua kicheko.

Yeye aliketi sakafuni, mikono imejaa wino, akalia.

"Miaka yote napiga maneno ya watu," anasema. "Yale yalikuwa yangu."

Aliomba moja ya zile mbovu, akampa shemeji ampelekee binti. Hakuambatanisha barua. Angeandika nini?

Siku tisa baadaye, simu yake iliita wakati wa chakula cha mchana.

"Baba, fulana yako imekosa herufi."

"Najua, mwanangu. Sikuona."

Kisha binti akamwambia ameandikishwa kupimwa Ijumaa, na anaogopa kwenda peke yake.

Mzee ameomba ruhusa, ya kwanza tangu msiba. Ni safari ya saa sita. Hajui watazungumza nini kwenye benchi la hospitali, wala majibu yatakuwaje, wala kama amesamehewa. Haulizi.

"Asiponisemesha, sawa," anasema. "Lakini akitoka kule ndani, nitamtazama usoni."