Maneno ya Pembeni

Si kweli kwamba binti wa nyumba hii alifukuzwa kazi, aliacha mwenyewe. Kila barua pepe aliiandika kwanza kwenye programu ya nyaraka, akaisahihisha, ndipo akainakili kwenye barua pepe, kama marehemu baba yake alivyomfunza. Lakini mkuu wa ofisi alipomsifu karani mgeni, "Huyu anaandika papo hapo!", binti alimwonea wivu. Wote wawili waliomba cheo kimoja. Kwa kiherehere, binti alipomtumia mkuu ombi lake hakulinakili, akaambatisha waraka wenyewe, na pembeni yalikuwa yamebaki maneno aliyojiandikia: "Sishindwi na kimbelembele huyu."

"Dada, kimbelembele ni nani?" mkuu aliuliza mbele ya karani.

"Si ndiye mimi huyu!" karani akacheka. "Shikamoo, dada!"

Cheo akapewa karani. Binti akachukua mkoba wake akaondoka. Zaidi ya hapo, hakuna atakayeambiwa neno.