Nyoka Niliyemfumua

Mafundi wenzangu kwenye chumba cha ushonaji huniita Rula. Mshono ukipinda hata kidogo ninaufumua, uwe wangu au wa mtu mwingine, na kwa miaka thelathini nimelivaa jina hilo kifua mbele.

Likizo ilipofika, binti yangu aliniletea mwanawe wa miaka sita akae nami wiki mbili. Siku ya kwanza tu mtoto alishaniuliza mara arobaini tufanye nini. Nikasalimu amri.

"Haya, mke mwenzangu, tutengeneze mchezo wetu wenyewe."

Nikatoa kipande cheupe kilichobaki kwenye mashuka ya mteja, nikachora miraba ya nyoka na ngazi kwa chaki. Vifungo vilivyopotelewa na wenzao vikawa wachezaji wetu. Dadu tuliikata kwenye sifongo ya mabega ya koti, tukaitia nukta kwa wino. Ngazi nikashona mimi. Nyoka, mtoto akasema atamshona yeye, kwa sindano butu na uzi wa kijani.

Alimshona siku mbili, ulimi nje, hataki msaada wa mtu. Na yule nyoka, Mungu anisamehe, alikuwa kituko. Mshono mmoja mrefu, mwingine mfupi, na katikati ya mwili nundu kubwa kama goti. Kila nilipopita pale mezani, jicho langu lilikwenda kwenye ile nundu tu.

Siku ya tatu, alipolala mchana, nikachukua wembe. Nilijiambia namsaidia. Dakika kumi hazikuisha, nyoka mzima akawa nyuzi sakafuni, na cherehani ikamshona mwingine, mwembamba, kapinda pale tu anapotakiwa kupinda. Nyuzi nikazifagia.

Mtoto alipoamka alikimbilia mchezo wake. Akasimama. Akapitisha kidole juu ya mshono wangu, kutoka kichwani hadi mkiani.

"Bibi, kuku yuko wapi?"

"Kuku gani tena?"

"Alimmeza. Alikuwa hapa tumboni. Ukiangukia hapa unakaa na kuku, unakosa zamu moja, halafu anakutapika."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Ile nundu ndiyo ilikuwa mchezo wenyewe, nami sikuwa nimemuuliza hata neno moja. Nikaanza kujiumauma, oh, alikuwa amepinda kidogo, oh, bibi alitaka apendeze. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Sikujua kama nimekosea," akasema.

Angelia, ningejua la kufanya. Hakulia. Nikamfumua nyoka wangu palepale mbele yake, nikatunga uzi wa kijani kwenye sindano, nikamsihi amrudishe kuku. Akaitia sindano mkononi mwangu.

"Shona wewe, bibi. Mimi nitakushikia kitambaa."

Siku zilizobaki tulikimbizana uani na kuruka kamba. Alicheka, alikula vizuri, ila sindano hakuigusa tena. Kila nilipoketi kwenye cherehani niliona haya, mtu mzima mimi, kwa ajili ya nyoka wa uzi.

Jumamosi binti yangu akaja kumchukua. Huyu binti hajui kushona hata kifungo. Nguo ikimchanikia huniletea, nami humcheka mbele ya wateja kwamba uvivu huo hakuurithi kwangu. Alikiona kitambaa mezani, kina ngazi bila nyoka, na matundu ya sindano yamebaki mahali alipokuwa. Akakiinua kwenye mwanga.

"Umemfumulia," akasema. Hakuwa anauliza.

"Nyoka alikuwa amepinda, mwanangu."

"Na gauni la mwanasesere wangu lilikuwa limepinda, mama. Nilikuwa na miaka saba."

Hakusema kwa hasira. Alikikunja kitambaa, akakitia kwenye begi la mwanawe pamoja na vifungo na dadu, wakaniaga. Nimebaki na aibu mbili, na hii ya pili ndiyo nzito zaidi: tangu waondoke najaribu kulikumbuka hilo gauni, na silikumbuki kabisa.