Kosa la Barua za Haraka

Nilipomaliza chuo kikuu nilikuwa siamini kitu. Sikuamini magazeti, sikuamini dawa ya hospitali mpaka nisome karatasi yake, na niliwachosha ndugu zangu kwa kuwauliza "mmejuaje?" Kazi ya kwanza niliyopata ilinifaa: kutunza kompyuta mbili za bohari moja ya umma huko Temeke, jirani na mafundi seremala wa Keko. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Mashirika yalikuwa yanasafishwa ili yauzwe, na kila meneja alikuwa na orodha ya watakaopunguzwa.

Kompyuta moja ilikuwa mpya, nayo ilikaa chumbani kwangu pamoja na printa. Ya pili ilikuwa ya mtumba, na ilikaa mezani kwa mama mpiga chapa, mwenyeji wa Temeke, aliyeanza kupiga taipu kabla mimi sijajua kusoma. Barua aliziandika kwake, akazihifadhi kwenye disketi, akaniletea. Mimi niliziingiza kwangu, nikaongeza namba ya kumbukumbu, nikahifadhi, nikachapisha.

Ili nisihangaike, nilitunga amri ya herufi moja. Nikibonyeza H, kompyuta yangu ililinganisha tarehe na saa za mafaili, ikachukua kwenye disketi yale yaliyo mapya zaidi na kuyaacha ya zamani. Niliipenda sana amri ile. Nilizima hata maneno ambayo kompyuta huandika kueleza ilichofanya, ili skrini ikae safi.

Siku moja meneja, mzee wa bara mwenye sauti ya upole isiyomfariji mtu, aliniita akaweka barua mbili mezani.

"Hii niliisoma asubuhi, nikaonyesha makosa. Hii ndiyo mliyoniletea mchana. Tafuta tofauti."

Sikuiona. Makosa yalikuwa yale yale.

"Barua nikizirudisha leo zikaletwa kesho, zinatoka safi," alisema. "Ninazozitaka siku hiyo hiyo ndizo anazoharibu. Mama huyu akiharakishwa anachanganyikiwa. Niandikie maelezo mafupi kwamba kompyuta imemshinda. Ijumaa nafunga orodha."

Nilimwambia sijaridhika na ushahidi. Akaniambia nina mpaka Ijumaa kuridhika.

Nikaenda kwa mama. "Shikamoo mama. Ile barua ya leo, uliisahihisha kweli?"

"Marahaba. Hebu isome hapo kwenye kioo, usinisomee usoni."

Kwenye skrini yake barua ilikuwa safi, koma na nukta zote mahali pake. Kwangu ilikuwa chafu.

"Basi disketi yako ni mbovu," nilisema.

"Sasa imekuwa yangu? Ilipokuwa nzima ilikuwa ya ofisi."

Nilibadilisha disketi. Halafu nikalituhumu vumbi la randa linaloingia dirishani kutoka kwa maseremala, nikafuta mashine kwa pamba na spiriti. Halafu nikautuhumu umeme wa Temeke, halafu kirusi. Kuna hata mara moja nilipoifungua barua kuongeza namba ya kumbukumbu, nikakuta namba ipo tayari. Nilidhani mama amenisaidia, nikafurahi. Kila kitu nilikitilia shaka isipokuwa kile nilichokitunga mwenyewe.

Alhamisi asubuhi, kwa kuwa nilikuwa nimeishiwa watuhumiwa, nilivuta kiti nikakaa kando ya mama nimtazame tangu anapowasha. Nilipaswa kuanza na hilo. Mtu akikuambia kompyuta yake ina tatizo, usiiguse kwanza; mwache aitumie mbele yako, nawe ufunge mdomo.

Betri ndogo ya ndani ya ile ya mtumba ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila ikiwashwa ilisahau siku na saa, ikamuuliza mtumiaji. Mama aliandika tarehe, sahihi kabisa. Ikamuuliza saa. Akatazama mkononi, akaandika 2:10.

"Mama, mbona mbili na dakika kumi?"

"Kwani kwako saa ngapi?"

Nikatazama saa yangu. "Saa mbili na dakika kumi."

"Haya. Tatizo liko wapi, msomi?"

Tatizo lilikuwa chumbani kwangu, ambako kompyuta ilihesabu kuanzia usiku wa manane kama wazungu, na muda ule ilikuwa inasoma nane na dakika kumi. Barua niliyoihifadhi saa tatu asubuhi kwangu iliandikwa tisa. Mama akiisahihisha saa sita mchana, kwake iliandikwa sita. H ilitazama tisa na sita, ikaamua kazi ya mama ni ya zamani, ikaiacha, nami nikachapisha ile ya asubuhi, yenye makosa na namba yangu. Tena iliiacha kimya, kama nilivyoiamuru. Kesho yake tarehe ilikuwa mpya, na kila kitu kilipita.

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Miezi yote hii inaniuliza saa, naijibu. Haijanibishia hata siku moja."

"Ilidhani ni usiku, mama."

"Usiku mie nipo ofisini napiga barua? Ingeshtuka basi."

Niliandika yale maelezo ya meneja kwa mkono, nikampelekea mama ayapige, maana hakukuwa na mpiga chapa mwingine. Alisimama kwenye mstari wa pili.

"Umeandika 'hitilafu ilijitokeza'. Ilijitokeza yenyewe?"

"Ndivyo wanavyoandika maofisini."

"Aliyewekwa kwenye orodha ni mimi, si hitilafu."

"Andika: nilikosea."

Meneja aliyasoma mara mbili. "Kwa hiyo mama alikuwa sahihi?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mashine?"

"Nayo ilikuwa sahihi."

"Basi nimebaki na wewe." Alivuta orodha, akakata jina la mama. Kalamu ilibaki hewani kwa muda niliouona mrefu sana, kisha akaifunika. "Nenda kamfundishe hiyo saa ya kompyuta."

Nilimwambia mama aongeze sita kwenye saa za mchana mpaka tupate betri. Alijaribu kwa vidole, akapatia zote. Kisha akauliza saa sita usiku kompyuta inaiitaje.

"Sifuri."

"Sifuri? Yaani watu wazima wamekaa wakakubaliana kuwe na saa ambayo si saa?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

Alinitazama juu ya miwani. "Na wewe ukakubali tu, bila kuuliza?"