Mtamba, Minza na Shule ya Bweni

Nakumbuka wiki moja ambayo usingizi ulinigomea kabisa. Nilikuwa nimemaliza chuo Dodoma, nimerudi Bariadi kungoja kazi, na swali moja lilinikalia kifuani: nikimpeleka Minza shule ya bweni, nitakuwa nimemwokoa au nimemtupa?

Mwanangu, usishangae kuitwa mwanangu na mtu ambaye hata mvi hana. Kwetu Usukumani shangazi anakuwa mzee siku ile kaka yake anapopata mtoto. Minza ni binti wa kaka yangu Masunga, mkulima wa pamba kule Nkololo. Mama yake alipofariki, Minza alikuwa na miaka kumi na minne, na kuanzia hapo mtoto akageuka. Yeye aliyekuwa akiimba tangu kuchota maji mpaka kutua ndoo, sasa hasemi na mtu mzima. Akapigana shuleni, akavunja dirisha, akawa anatoweka siku nzima, tunamkuta amekaa peke yake katika shamba la marehemu mama yake. Shule ikasema imeshindwa. Ndugu nao wakaanza kushauri. Huyu anasema apelekwe kwa mganga, yule anasema aolewe, atatulia.

Kaka aliposikia neno kuolewa, alinipigia simu palepale.

"Wewe ndiye umesoma. Tafuta shule ya bweni wanayojua kulea mtoto wa namna hii, kabla muhula haujaanza. Tukichelewa, wakubwa watanizidi maneno."

Basi nikatafuta. Na mimi, mwanangu, nikianza kufikiri jambo huwa sijui pa kushukia. Nilipigia kila shule niliyoisikia. Niliuliza habari za maji, vitanda, mbu, hata milango inafungukia ndani au nje. Nikijibiwa vibaya naogopa. Nikijibiwa vizuri najiuliza mbona vizuri hivyo. Mwisho ikabaki shule moja yenye ukuta mrefu na sifa za kufaulisha. Mkuu wake aliniambia, "Mlete. Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tunanyoosha." Muhula mzima hakuna simu, hakuna kutembelewa. Kaka akashusha pumzi. Mimi ndipo usingizi uliponigomea.

Ndipo Mama, yaani bibi yake Minza, akaniambia nimsindikize Itilima. Malisho ya Nkololo yalikuwa yamekauka, naye alitaka kumwekesha mtamba wake kwa mtu mwenye majani. Wafugaji wetu wanafanya hivyo tangu zamani: ng'ombe wako analelewa katika zizi la mwenzako, maziwa anakunywa yeye, ndama wanabaki wako. Tulikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Mama na mimi tukakaa mbele na dereva, Minza akapanda nyuma na mtamba, maana ndiye kiumbe pekee aliyekuwa akizungumza naye siku hizo.

Mwenyeji wa kwanza, karibu na Lagangabilili, alitupokea kwa vishindo, akimsalimia Mama kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu! Tazama zizi langu. Hata fisi akifika hapa anapiga hodi!"

Kweli lilikuwa zizi. Miiba imepangwa, mlango wa mbao, hakuna pengo hata la kupitisha kuku. Mama hakulitazama mara mbili.

"Zizi zuri, baba. Ng'ombe za watu ziko wapi?"

"Za watu?"

"Ulizowekewa na wenzako. Nionyeshe hizo."

Akatuzungusha bila haraka. Ng'ombe wake mwenyewe waling'aa kama waliopakwa mafuta. Wale wa watu walisimama pembeni, mbavu nje, na alipowakaribia wakarudi nyuma. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

"Jamani," Mama akajigonga paji la uso, "nimesahau dawa ya kupe nyumbani. Nitarudi."

Tulipofika kwenye gari, dereva akasema kwa sauti ya kusikika mpaka zizini, "Mama, dawa ya kupe si hii hapa nimeikalia?"

"Ikalie vizuri," Mama akajibu. "Washa gari."

Nyuma kukasikika kitu ambacho hatukuwa tumekisikia tangu msiba. Minza alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akamshika mtamba shingoni asianguke.

Kwa mwenyeji wa pili, mzee mmoja na mkewe, zizi lilikuwa na mapengo mawili na mbwa mvivu. Lakini ng'ombe wote walikuwa wamenawiri sawasawa, hata Mama akalazimika kuuliza yupi ni wa nani. Mtamba akashushwa. Akasimama, akanusa, akawafuata wenzake polepole. Mke wa mzee alitaka kumvua kamba ya shingoni, Mama akamzuia.

"Iache kwanza. Inanuka nyumbani. Nami Jumamosi nitakuja kumwona."

Wakati wa kurudi Minza alibanana nasi mbele. Hatukufika mbali akasema, "Bibi, mtamba umemtafutia kwa kumtembeza. Mimi mnanitafutia kwa simu."

Mama akanigeukia. Hakupaza sauti. "Umepigia shule zote. Huyu umempigia?"

Mwanangu, mimi mwenye shahada nikaitia simu mkobani.

Basi tukaenda kuziona shule zenyewe, Minza, Mama na mimi. Kwenye shule ya ukuta tuliomba kuwaona watoto waliokuja na shida zao. Tukaonyeshwa maabara. Mabinti wawili waliopita uani waliinamisha macho. Minza akanivuta kitenge. Nikamwambia mwalimu, Mungu anisamehe, kwamba tumesahau kitu nyumbani.

Ya pili, mojawapo ya zile nilizoziacha kwenye simu, ilikuwa kule Nassa, ndogo, majengo ya kawaida, bustani ya mchicha. Tulikuta binti akibishana na mwalimu kwamba maharage yamepandwa kwa kubanana, na mwalimu anacheka huku anayang'oa. Mshauri wa watoto, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alizungumza na Minza kabla ya kuzungumza nasi. Nilipomuuliza kama watamnyoosha, alisema, "Huyu si waya. Amefiwa. Tutasoma naye, tutalima naye, tutamsikiliza. Likituzidi, tutawaita twende hospitali pamoja. Simu na kutembelewa ni kila Jumamosi."

Maswali yangu mengine kumi yalikuwa tayari mdomoni. Minza akanitangulia. Alimwendea yule binti wa maharage.

"Ukilia hapa, wanakufanyaje?"

"Wananiacha nilie. Halafu wananiletea uji."

"Una sukari?"

"Siku nyingine."

Minza akanitazama. "Shangazi, hapa. Lakini Jumamosi usinidanganye."

Muhula ulipofunguliwa, kaka mwenyewe alibeba sanduku. Langoni Minza alisita, akamgeukia bibi yake. "Bibi, na kamba yangu?" Mama akafungua kitenge alichojifunga, kile cha marehemu mkwe wake, mama yake Minza, akamzungushia mabegani. Mtoto akakinusa, akaingia. Mimi sikupanda gari la kurudi. Nilipanga chumba Nassa mpaka Jumamosi, na Jumamosi asubuhi nilikuwa wa kwanza langoni.

Sikudanganyi kwamba moyo wake ulipona kama taa inavyowashwa. Kuna Jumamosi alininunia mpaka jioni. Lakini likizo ya kwanza alirudi Nkololo akiimba na ndoo kichwani, kaka akaacha jembe kumsikiliza.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipewa kazi ya kumtafutia mtoto mahali pa kulelewa, usihesabu miiba ya zizi. Watazame watoto wa watu waliomo. Nenda na mwenyewe, maana naye ana pua ya kunusia. Mpe kitu cha nyumbani abaki nacho, na siku uliyoahidi, fika. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Na wewe unayefikiri sana kama mimi, fikiri, kisha simama uende.

Mungu akupe macho ya bibi yake Minza na miguu ya kuyafuata. Mtoto wako akacheke tena, nawe ulale. Wabeja, asante kwa kunisikiliza.