Siku Niliyompigia Chifu Yowe la Mwizi

Jamani, aibu hii nimeibeba kimyakimya miaka mingi, hata mke wangu aliisikia kwa watu, lakini kwa kuwa leo mmenibana, na nimekwisha kula chakula chenu, wacha niiseme mwenyewe kabla hamjaletewa iliyotiwa chumvi.

Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyekuwa mwenye Kenya na Uganda zote mbili, nami nilikuwa fundi cherehani kijana kutoka Mombasa, nikapanda gari la moshi mpaka Tororo, nikadandia lori la pamba hadi Busia, upande wa Uganda, kwa Wasamia, maana nilisikia kule watu wanavuna pamba vizuri ila hawana wa kuwashonea nguo. Tatizo, mgeni hakai pale hivihivi tu. Lazima mwenyeji amdhamini kwa chifu, chifu aje amtazame, na akimkataa basi anafunga virago siku hiyo hiyo. Mzee Wandera, aliyenipa chumba na baraza ya kuwekea cherehani, alikuwa amekubali kunidhamini, akaniambia chifu atapita siku yoyote, mimi nitulie tu.

Kutulia ndiko kulikonishinda. Nilipokuwa naaga nyumbani, ami yangu aliniusia, "Katika nchi ya watu, ukiona wizi ukanyamaza, utahesabiwa mmoja wao." Usia huo niliuchukua wote, sikubakisha hata neno.

Basi asubuhi moja wenye nyumba wote wako shambani, niko peke yangu barazani nashona gauni, mara anaingia mtu mzima na tumbo lake, kavaa koti kuukuu, akaegemeza baiskeli ukutani, akaniambia kitu kwa Kisamia (huenda ilikuwa salamu, mimi sikuijali), akazunguka nyuma ya nyumba, nikasikia kuku wanavurugana, akarudi na jogoo mkubwa wa Mzee Wandera kambana kwapani, akaanza kumfunga kwenye baiskeli bila wasiwasi wowote, tena anapiga mluzi. Nikajiambia, bahati yako imekuja na miguu yake, mkamate huyu na chifu akifika atakupa hata kiwanja. Ningeweza kumwuliza yeye ni nani. Badala yake nikapiga yowe.

Na yowe langu si la mchezo, kwetu nilikuwa naadhini. Nikaruka na futi yangu ya kupimia nguo shingoni, nikamshika mkono wa koti, yeye akavuta huku, mimi nikavuta kule, mkono wote ukang'oka begani (mshono wenyewe ulikuwa wa ovyo, hilo nitalisema hata mahakamani). Sasa mimi sikujua kwamba kule yowe likisikika hakuna anayebaki nyumbani. Ngoma ikalia upande wa pili, watu wakatoka mashambani na mikuki, mapanga, majembe, mama mmoja kaja na mwiko bado una ugali, na wote wakafika kwa kasi, wakamtazama mwizi wangu, wakasimama. Mikuki ikashuka. Wanawake wakapiga magoti kumsalimu. Na mimi bado nimeshikilia mkono wa koti.

Mzee Wandera akapenya akihema. "Fundi," akasema taratibu, "wacha koti ya chifu."

"Chifu gani, Mzee? Huyu mwizi, nimemwona kwa macho yangu, na kuku wako huyo hapo."

"Huyu iko mtoto ya dada yangu. Mpwa nakuja kwa mjomba, kuku nachukua yeye mwenyewe, hapana omba. Hiyo desturi yetu." (Huyo mtoto wa dada alikuwa na mvi nyingi kuliko mjomba wake, sasa mimi ningejuaje?)

Nilitamani ardhi ipasuke. Chifu akavua koti, akabaki na fulana yenye matundu mbele ya raia zake, akakaa juu ya kigoda changu cha wateja, akanitupia koti. "Shona."

Nikashona. Hakuna aliyeondoka, wote wamenizunguka na mikuki yao, uzi unakataa kuingia kwenye sindano, na niliogopa kweli, si utani, kwa sababu mjini kwetu nilikwisha kuaga kila mtu kwa majivuno na sikuwa na uso wa kurudi. Chifu akalivaa koti, akanyoosha mkono juu, akauvuta mshono kwa nguvu zake zote. Haukuachia.

"Kaa," akaniambia. "Lakini siku ingine, uliza kwanza."

Watu wakacheka mpaka mama wa mwiko akaketi chini, na jina la Yowe likanikaa palepale.

Nikaapa kutopayuka tena kabla ya kuuliza, na kiapo nimekishika. Msimu wa pamba uliofuata, jamaa mmoja aliingia barazani mchana kweupe, akaibeba pasi yangu ya mkaa. Nikamwuliza kwa adabu zote, "Samahani Bwana, wewe ni mpwa wa nyumba hii?" Akasema ndiyo. Nami, nikidhani haki ya mpwa inafika mpaka kwenye pasi, nikamwambia amwage makaa kwanza, asije akaungua njiani.