Raba Zenye Kamba za Kijani

Kuna video yangu inazunguka kwenye simu za watu, na kama hujaiona basi wewe ni wa mwisho, kwa maana hata mlinzi wa getini pale ofisini kwetu mjini ameiona, na kila asubuhi nikipita ananiangalia viatu kwanza ndipo anisalimie. Nimechoka kukana. Yule kijana wa suti ya kijivu ni mimi, maneno ni yangu, magoti yaliyopigwa pale kwenye nyasi ni yangu pia, kwa hivyo afadhali niwasimulie mwenyewe, maana wanaosimulia wanaongeza chumvi na hiki chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha.

Mimi ni mtu wa masijala. Kazi yangu ni kutafuta mafaili, na mtu wa masijala hafungui faili kuona kuna nini ndani, anasoma lebo ya juu na kuendelea na safari. Mwende nilimjua hapo hapo dirishani, alikuja kuulizia faili lake lililopotea (lilichukua wiki tatu, na nakiri kwamba wiki ya pili nilikuwa nimeshalipata), tukaanza kusalimiana, tukaanza kunywa chai, akaniambia anafundisha chekechea Lavington, na mwaka uliofuata nikajikuta niko njiani kwenda kwao Uthiru na wazee wangu na mbuzi watatu.

Sisi wote wawili ni Wakamba, na kwetu mbuzi hao ndio kila kitu. Baba anamuuliza binti yake mbele ya watu kama wawale, akikubali mmoja anachinjwa, na nyama ikishaliwa huyo ni mke wako hata kama ya kanisa yatafuata baadaye. Lakini Nairobi siku hizi makabila yameazimana mambo, kwa hivyo kabla ya swali hilo kuna mchezo wa kufunikwa: wanawake watano wanafunikwa leso kutoka utosini mpaka vifundoni, wanaingia wakicheza, wanapanga mstari, na wewe unatakiwa umtoe wako bila kugusa na bila kuuliza. Ukikosea unatozwa faini na unachekwa, basi, yanaisha.

Mwende hakuuchukulia kama mchezo. Wiki moja kabla aliniambia, "Musyoka, please, usiulize mtu. Mimi nataka unijue tu. Hiyo tu."

Nikamwambia sawa. Halafu nikafika nyumbani nikakaa nikafikiria leso tano, nikamwandikia ujumbe binamu yake Kanini nikimwomba anipe ishara kidogo, hata ya kukohoa. Huo ujumbe ndio chanzo cha yote, na ulikuwa wa mstari mmoja.

Kanini alijibu kesho yake mchana. "Angalia raba nyeupe ziko na kamba za kijani. Na hii nimekuambia ama sijakuambia?" Nikamjibu hajaniambia kitu, nikafuta, nikalala vizuri kuliko nilivyolala mwezi mzima.

Sasa shida ya mtu anayejua majibu ya mtihani ni kwamba hawezi kukaa kimya. Kwenye gari tukielekea Uthiru nilimnong'oneza mjomba wangu Kilonzo, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu, kwamba mambo ya leso asiwe na wasiwasi nayo. Sikumwambia kwa nini. Yeye akadhani ni mapenzi, na akafurahi, na tulipofika tukaketishwa chini ya tenti akasimama bila kuitwa akawaambia wenyeji, "Kijana wetu hana haja ya kuzungushwa. Mleteni watano, mleteni kumi, atawaangalia mara moja tu na atamtoa mkewe." Watu wakapiga makofi. Simu zikaanza kutolewa mikobani. Mshereheshaji, ambaye alikuwa akitafuta kitu cha kuchangamsha watu tangu asubuhi, akasema basi iwe hivyo, mara moja tu, na nikimpata nimwambie maneno mawili ya moyoni kabla ya kumfunua.

Wakaingia. Leso nyekundu, leso ya manjano, nyingine sikumbuki. Nikapita mbele ya wa kwanza nikamwacha. Mbele ya wa pili nikasimama, na hii ndiyo sehemu ambayo video haionyeshi. Yule wa pili alikuwa anayumba. Si kucheza, ngoma ilikuwa imezimwa, alikuwa anayumba kidogo kushoto na kulia kama mtu aliyebeba mtoto anayekataa kulala, na mimi mtu huyo nimesimama naye foleni ya benki, nimesimama naye mvua ikitunyeshea Westlands, na hajawahi kusimama namna nyingine. Nilijua. Nilijua kabisa, mpaka nikasikia joto masikioni.

Kisha nikatazama chini nikaona viatu vya wazi vyeusi. Nikaendelea.

Wa nne alikuwa na raba nyeupe zenye kamba za kijani, zimefungwa vizuri. Moyo ukasema rudi, lebo ikasema ni hapa, na mimi ni mtu wa masijala. Nikapiga goti. Nikasema (na hapa nawaomba msirudie, kwa kuwa mlinzi anayarudia inatosha), "Mpenzi, hata wangekufunika kwa blanketi kumi, moyo wangu ungekujua. Pumzi yako naijua. Wewe ni wangu mpaka uzee." Akina mama walipiga kelele ambayo niliichukua kuwa ya shangwe. Nikainuka, nikaishika leso, nikaifunua polepole kama alivyoniagiza mpiga picha.

Alikuwa Aunty Syokau, dada mdogo wa mama yake Mwende, mjane wa miaka sitini na kitu, na miwani yake ilikuwa imepata ukungu huko ndani. Aliivua akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa, akanitazama kwa upole.

"Asante, mwanangu," akasema. "Hata marehemu hakuwahi kuniambia hivyo."

Sitaeleza kicheko kile. Mzee mmoja alianguka na kiti. Mjomba Kilonzo aliinama akawa anatafuta kitu chini ya meza na hakukipata kwa muda mrefu. Mimi mwenyewe nilicheka, ungefanya nini, nikasema faini nitalipa, leso moja kwa kila mama, nikageuka nikaenda moja kwa moja kwa yule wa pili nikamfunua. Watu wakashangilia. Ni Mwende peke yake ambaye hakuwa anacheka. Macho yake yalikuwa mekundu, na nikaelewa kwamba hayakuwa mekundu kwa sababu ya joto la leso.

Basi ikafika ile saa ya swali. Baba yake, mzee wa maneno machache aliyestaafu kazi ya reli, akamuuliza kama ilivyo desturi, "Mwende, hawa watu unawajua? Tuwale mbuzi wao?"

Mwende aliikunja ile leso yake mara nne, akaiweka mapajani.

"Namjua, Baba," akasema. "Lakini yeye bado hajaamua kunijua. Mbuzi wakae kwanza."

Tukala wali na maharagwe. Mbuzi watatu walifungwa kando ya ukuta wakitutazama, na gari lilipoturudisha mjini mjomba hakusema neno mpaka tulipofika Westlands, na neno lenyewe lilikuwa la Kikamba na siliandiki.

Jumatatu baba yake alinipigia simu. "Kijana," akasema, "hawa mbuzi wanakula. Na bado ni wako." Kwa hivyo kila Jumamosi nikawa naenda Uthiru na gunia la nyasi begani, nimevaa suruali ya kazi, majirani wakiwaonyesha watoto wao kwamba ndiye yule wa video. Mama yake alinipa chai. Kanini alinikwepa, na baadaye ndipo nikajua kwamba siku ile ile nilipomwandikia alikimbia kumwonyesha Mwende, na ni Mwende mwenyewe aliyemwambia anijibu kuhusu raba, kisha akamvalisha Aunty Syokau raba hizo. Mtu anayeficha faili wiki nzima ili msichana arudi dirishani hana haki ya kulalamika kwamba amedanganywa, nikaendelea kubeba nyasi.

Jumamosi ya nne Mwende alitoka nje. Akasimama upande wa pili wa mbuzi.

"Uliposimama mbele yangu siku ile," akasema, "ulinijua ama hukunijua?"

Nilikuwa na jibu rahisi. Ningesema sikumjua ningekuwa mjinga tu, na mjinga husamehewa. Nilikuwa nimeshampoteza karibu kabisa, na nilitaka sana kubaki na kile kipande kidogo kilichosalia. Nilimpenda, nawaambia ukweli, nilikuwa silali.

"Nilikujua," nikasema.

"Ulijuaje?"

"Huwa unayumba ukisimama. Hata sasa unayumba."

Akajitazama miguu, akaacha kuyumba. "Na bado ukaenda kwa viatu."

"Nikaenda."

"Hiyo ni mbaya kuliko vile nilikuwa nafikiria."

"Najua."

Akamkuna mbuzi mmoja kichwani. "Hata mimi nilikutega," akasema. "Nilikuwa naomba Mungu uvipite hivyo viatu." Akageuka akaingia ndani, na mlango ukafungwa, nikabaki na gunia langu nikijua kwamba yamekwisha, na nikaanza kufikiria nitamwambiaje mjomba kuhusu kurudisha mbuzi.

Mlango ukafunguliwa tena. Alikuwa baba yake, amekunja mikono ya shati, kisu kimoja mkononi na cha pili kwapani.

"Amesema tuwale. Mpigie mjomba wako simu, mwambie aje," akasema. "Kisha shika miguu ya nyuma, na usiangalie pembeni."

Nikapiga magoti kwenye matope, nikashika, mbuzi akanipiga teke la kifua, na hapo hapo nikaapa kwamba kitu ninachokijua mwenyewe sitamuuliza mtu mwingine tena maisha yangu yote.