Siku Nilipopika Uwele kama Wali

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiosha mchele huikumbuka. Ni siku ile baba yangu aliporudi kutoka Wete na kikanda cha nafaka ambayo mimi sikuwahi kuipika. Alikitua ukumbini, akajifuta jasho kwa ncha ya kikoi, akasema mchele hakuna. Ulikuwa wakati wa vita vikubwa. Mchele wa dukani ulikuwa ukitoka ng'ambo kwa meli, na meli zilikuwa haziji tena. Mpunga wetu wenyewe wa bondeni ulilazwa na mvua kabla haujakomaa, ukaozea majini. Basi watu wakawa wanagawiwa kilichopatikana: safari hii mahindi, safari ile mtama, na siku hiyo ninayokusimulia, uwele.

Sisi ni watu wa mabondeni, na kwetu mtu akisema amekula maana yake amekula wali. Uwele tuliujua kwa jina tu, kama mtu anavyomjua jamaa wa mbali asiyemtembelea. Tulisikia unaliwa huko Shumba, kaskazini, ambako ardhi ni mawe na mpunga hauna pa kushika. Sisi, Mungu atusamehe, tuliuita chakula cha ndege.

Nilichota gao moja la mkono nikaenda nalo mlangoni penye mwanga. Punje zilikuwa ndogo sana, rangi ya kijivu yenye kuelekea ukijani, zimechongoka upande mmoja kama tone la maji linalotaka kudondoka. Nikaitia moja mdomoni nikaivunja kwa jino. Ndani mlikuwa na unga mweupe. Nikaanza kujiuliza. Hii, kwa udogo wake, inataka maji machache kuliko mchele, au mengi zaidi? Huvimba? Hushikana? Huoshwa mara ngapi? Nilikuwa binti wa maswali mengi, mwanangu, ila yote nilijiuliza mwenyewe.

Usishangae. Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka Unguja, nilikokaa kwa shangazi nikasoma skuli ya wasichana mpaka nikamaliza. Wakati huo binti wa kijijini kwetu aliyesoma hadi hapo hakuwapo mwingine. Baba aliniita Mwalimu hata kabla sijafundisha mtu. Akija mgeni, huitwa nisome barua. Akiumwa mtoto wa jirani, huulizwa Raya asemaje. Nami kila nilipoulizwa, niliogopa siku nitakayosema sijui. Skuli tulifundishwa mapishi pia, nilikuwa na daftari lake. Nilikwenda nikalifungua. Mlikuwa na wali, mikate, supu ya mgonjwa. Uwele haumo.

Na mgonjwa tulikuwa naye. Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa ametoka katika homa ya siku nyingi. Homa ilimwachia, lakini ilimwacha na mifupa. Muhogo ulimpa kiungulia, ndizi hakuzitaka, mahindi hakuwa na meno ya kuyatafuna. Mganga wa hospitali alimwambia baba waziwazi kwamba dawa imekwisha kazi yake, sasa kilichobaki ni chakula, na asipokula hatafika mwezi mwandamo. Baba alinitazama mimi. Nilielewa kwamba Bibi amewekwa mikononi mwangu.

Nikapika. Niliosha uwele ule maji saba, maana skuli tulisisitiziwa usafi. Nikakuna nazi, nikachuja tui, nikautia uwele ndani ya tui kama nitiavyo mchele, nikapima maji kwa kidole, nikafunika, na yalipokauka nikapalia makaa juu ya mfuniko. Harufu ilikuwa nzuri. Nilipofunua, uwele ulikuwa umekaa vilevile nilivyoutia, umepakwa mafuta tu, unang'aa. Ulikuwa mgumu kama changarawe.

Nikakaa mbele ya jiko na daftari nikafikiri. Nikaandika: maji hayakutosha. Siku ya pili nikaongeza tui maradufu na moto nikaukoleza. Safari hii nje ukawa kama uji na ndani umekakamaa, halafu una ukakasi unaoshika ulimi. Hata hivyo nikampelekea Bibi kidogo katika kibakuli. Alitia mdomoni, akaugeuza upande huu na upande huu, akautoa kwa vidole akauweka kwenye ncha ya kanga. Akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, hata ndege huchagua." Akacheka, kisha kicheko kikamchosha akafumba macho. Niliona jinsi shingo yake ilivyokuwa nyembamba, nikatoka nje haraka nisije nikalia mbele yake.

Sasa sikiliza hapa, maana kosa lenyewe ndipo lilipo.

Upande wa pili wa ua wetu wa makuti alikaa Bi Chumu. Aliolewa kwetu kutoka Shumba Viamboni, na alikuwa amenizidi umri kwa miaka kama kumi. Siku za uarusi wake, wasichana wa kisimani tulimchezea. Mmoja wetu alimwuliza kama kwao watu hula kwa mdomo au kwa mdomo wa ndege, na mimi niliyekuwa mdogo kuliko wote nilicheka mpaka ndoo ikanimwagikia. Yeye alifunga kata yake kichwani, akajitwika maji akaenda. Hakuwahi kulitaja jambo lile. Mimi pia nililisahau, au nilidhani nimelisahau, mpaka uwele ulipoingia nyumbani. Tangu siku hiyo kila nikimsikia akikohoa nyuma ya ua nilijua kwamba pale yupo mtu anayejua, na kila nikijua hivyo miguu ilikuwa mizito. Nikienda, atanikumbusha. Asiponikumbusha, atakumbuka. Na watu wakisikia kwamba msomi wa Unguja amekwenda kufundishwa kupika na mtu wa mawe, baba atauficha wapi uso wake? Basi nikawa natafuta maarifa ndani ya daftari, na maarifa yanakohoa hatua kumi kutoka jikoni kwangu.

Mchana ule wa siku ya pili akaja mwenyewe, kuomba moto. Wakati huo kibiriti kilikuwa adimu, na jirani kuja na kifuu cha nazi kuchukua kaa la moto lilikuwa jambo la kila siku. Alipobisha hodi nilikiangushia chungu kanga, kama mtu anayefunika maiti. Nikamchagulia kaa zuri, nikamtilia. Alitazama jiko, akatazama chini kuzunguka jiko, akatazama kinu kilichoegemea ukuta.

"Raya, kinu chenu kizima?" akaniuliza.

Nikamjibu kizima, alhamdulillahi. Akasema haya, akashukuru, akaenda na moto wake.

Mwanangu, swali lile nilizunguka nalo mpaka alasiri. Kwa nini aulize kinu? Anataka kuazima? Angesema. Ananiona mvivu, sitwangi? Au ameona chungu kilivyofunikwa akapindisha maneno? Nikajitengenezea majibu kumi, na kila jibu lilikuwa na tusi ndani yake. Nilipoingia kumgeuza Bibi nilikuwa nimevimba, nikamwambia kwamba yule mtu wa Shumba ametudharau jikoni kwetu.

Bibi aliniuliza alisema nini hasa. Nikamweleza.

"Huyo amekupa jibu," akasema, "na wewe umelifanya ugomvi. Umevuka bahari kwenda kusoma, Raya. Ua wa makuti umekushinda?"

Nikaanza kujitetea, kwamba labda nikijaribu mara moja tena kwa tui jepesi. Akainua mkono, na mkono ule hata kuinuka ulikuwa na shida.

"Mficha uchi hazai. Na mimi sina siku za kukungojea ujaribu."

Hayo ndiyo maneno yaliyonitoa. Si kwamba niliacha kuona haya. Haya niliiona vilevile, nikaenda nayo.

Bi Chumu alikuwa uani anachambua mboga. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kuzungukia jambo, hata methali nilitayarisha, yote yakanipotea. Nikasema uwele umenishinda na Bibi hali. Kisha, sijui kwa nini, nikasema pia kwamba namwomba radhi kwa siku ile ya kisimani.

Hakuacha kuchambua. "Nakumbuka," akasema. "Wewe ulicheka kuliko wote."

Nikainamisha kichwa. Nikamsikia anaweka ungo chini.

"Leo nilipokuja kuomba moto sikuona hata kapi moja pale chini. Nikajua hukutwanga. Ningekwambia, ungesema nakucheka. Haya, inuka ukalete uwele, na mchi uje nao, wangu mzito kwako."

Ndipo nilipojifunza. Uwele aliunyunyizia maji kidogo, akauacha unywe, kisha tukautwanga kwa kupokezana, si kwa nguvu, bali kwa kuubembeleza, ganda litoke na punje isivunjike. Akaupeta, na makapi yaliyoruka yakaniacha mdomo wazi: ule ukakasi wote niliokuwa nikiuosha kwa maji saba ulikuwa umekaa ndani ya ganda, na ganda halitoki kwa maji. Akauroweka kwa muda. Kisha akaubandika kwa maji matupu, mengi, bila nazi wala chumvi. Nikamwuliza tui je? Akanitazama kana kwamba nimetaka mtoto anyolewe kabla hajazaliwa. Akanieleza kwamba uwele ukikutana na mafuta ya nazi ungali mgumu hujifunga, haufunguki tena hata ukimaliza kuni za msitu. Uache kwanza uive wenyewe, upasuke, ndipo uutie tui jepesi, na tui zito mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo. Nami nikaendelea kuuliza, nikauliza na kuuliza. Huko kwao huvunwa lini? Ndege huwafukuzaje? Kwa nini punje zimechongoka? Hilo la mwisho alisema hajui, na alilisema bila kuona haya yoyote, sijui tu, akaendelea kukoroga. Nikashangaa kwamba neno lile nililoliogopa maisha yangu yote lilikuwa jepesi namna ile mdomoni mwa mtu.

Tulimpelekea Bibi sote wawili. Ulikuwa laini, mweupe wa tui, unafuka mvuke. Alionja. Akaonja tena. Kijiko cha tatu alikichukua mwenyewe. Kisha akamgeukia Bi Chumu akamwambia, "Nikiota mabawa, wewe ndiye utakayenishusha kutoka juu ya paa." Bi Chumu akamwambia asihofu, kwao Shumba paa zote ni fupi. Wakacheka, na mimi nikacheka nao, na safari hii hapakuwa na mtu wa kuchekwa.

Bibi alikula kibakuli kizima. Kesho yake akakidai tena. Mwezi ulipoandama alikuwa amekaa kizingitini ananitajia makosa ya kusuka ukili wangu wa mkeka, na akaishi mpaka akampakata mtoto wangu wa kwanza. Sikwambii kwamba ni uwele ulioponya, uzima ni wa Mwenyezi Mungu. Lakini najua kwamba siku mbili alizokaa na njaa zilitokana na mimi, wala si vita.

Basi mwanangu, uliyemaliza masomo na sasa kila mtu anakutazama ujue, nakuachia haya. Elimu uliyoitafuta mbali ni nzuri, itunze. Ila fimbo ya mbali haiui nyoka, na shida nyingi zitakazokuja mlangoni kwako dawa yake iko kwa mtu wa karibu ambaye hukumhesabu. Usiyapime mambo kichwani mpaka mwenye njaa akazimia. Kauliza. Ukiulizwa nawe usilolijua, sema hujui, halafu lifuatilie kwa hamu, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kitu kigeni kikija jikoni kwako usikilazimishe kiwe kile ulichokizoea. Tafuta wenyewe wanakifanyaje. Na chakula cha watu usikicheke. Ukishacheka, siku utakayokihitaji utakuta ulimi wako mwenyewe ndio uliofunga njia, na itakubidi uombe radhi kwanza ndipo uombe mafunzo. Uombe vyote viwili, hata kama sauti inatetemeka. Mimi ilitetemeka, na haikuniua.

Mwenyezi Mungu akupe moyo usioogopa kuuliza, akuzungushie majirani wema, na awafanye wanaokutegemea wale wakashiba mikononi mwako. Amin.